Leza ya "kinyama": kabla hujalipia, jua kwanza huko nyuma una nini

Mzee mmoja aliingia kliniki yetu ya upasuaji ameshika simu mkononi, nikampa kiti akakikataa, akasimama ameegemea meza maana kukaa kwake ilikuwa adhabu. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitika marahaba mwanangu, alafu akanionyesha kwenye simu tangazo la kutibu bawasiri kwa leza, bila kisu, bila maumivu, unaondoka siku hiyohiyo. "Mwanangu mimi nataka hii tu, watoto wameshachanga hela, sitaki kukatwa." Daktari akamwomba apande kitandani alalie ubavu wa kushoto akunje magoti kuelekea kifuani, akaachanisha matako taratibu kwa vidole viwili, na jibu likaonekana hapohapo hata kabla ya kuingiza kitu chochote: mchaniko mmoja mwembamba kama umechanwa na wembe, upande wa nyuma kabisa wa njia ya haja kubwa. Mzee hakuwa na bawasiri hata kidogo. Hela ya watoto ingeenda na maumivu yangebaki palepale.

Naandika hii kwa ajili yake na wengine wengi wanaokuja wakiwa wameshajiamulia leza kabla hawajajua wanaumwa nini. Na siwalaumu, aibu ya ugonjwa huu ni kubwa, mtu anakaa nao miaka bila kumwambia hata mke wake, akiona tangazo linalomwambia hutakatwa anashika hapohapo. Lakini leza ni kifaa tu jamani. Ukienda kwa fundi humwambii nataka mkasi flani, unamwambia nataka gauni, mkasi atachagua mwenyewe.

Shida inaanzia kwenye neno. Mtaani kila kitu cha huko nyuma tunakiita kinyama, au mgolo, au bawasiri, wakati kuna angalau magonjwa manne tofauti yanayoingia kwenye hilo jina moja na kila moja lina tiba yake.

La kwanza ndo bawasiri yenyewe. Watu wengi wanadhani ni nyama mpya imeota, hapana, ni vitu ulivyozaliwa navyo. Ndani ya njia ya haja kubwa kila binadamu ana vijimto laini vilivyojaa mishipa ya damu, kwa kawaida vitatu, na kazi yao ni kusaidia kuziba njia vizuri ili hewa na choo chepesi visitoke bila ruhusa yako. Ukikaa miaka unakamia choo kigumu, au ukiwa mjamzito, au unakaa chooni nusu saa na simu, vile vijimto vinajaa damu, nyuzi zinazovishikilia zinalegea, vinaanza kushuka. Hapo ndo inaitwa bawasiri, na madaktari wanaipanga daraja nne: ya kwanza inatoa damu tu lakini haitoki nje, ya pili inatoka ukikamia alafu inarudi yenyewe, ya tatu mpaka uisukume kwa kidole, ya nne ndo imeshatoka na hairudi tena. Hizi daraja zikariri maana swali la leza linafaa au halifai linaegemea hapo.

La pili ni mchaniko, aliokuwa nao mzee wangu. La tatu ni fistula, yaani kinjia cha usaha kinachotoka ndani ya njia ya haja kubwa kinapita kwenye nyama na kutokea kwenye ngozi pembeni, mara nyingi kinaanza kama jipu lililopasuka alafu kile kitundu hakifungi, kinakauka wiki mbili kinavimba tena kinatoa usaha tena. Hapa nitoe angalizo, Tanzania ukisema fistula watu wanafikiria ile ya uzazi inayotibiwa hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, ya akina mama wanaovuja mkojo baada ya kukwama uchungu wa kujifungua. Hii ni nyingine kabisa na wanaume ndo wanaipata zaidi. La nne ni kitundu kinachotoka juu kidogo, kwenye mfereji wa matako karibu na mkia wa uti wa mgongo, kinasababishwa na vinywele vinavyojichimbia ndani ya ngozi, vijana wenye nywele nyingi ndo wahanga wakubwa.

Utatofautishaje ukiwa nyumbani? Huwezi kuwa na uhakika, lakini kuna kitu kimoja kinasaidia. Sentimita kama mbili kutoka mlangoni kwenda ndani kuna mstari, juu ya huo mstari utando wa ndani hausikii maumivu kama ngozi inavyosikia, chini ya huo mstari unasikia kila kitu, tena mno. Bawasiri ya ndani inaanzia juu ya mstari, ndo maana mtu anaona damu nyekundu mbichi inadondoka chooni na hasikii kitu. Mchaniko uko chini ya mstari, damu ni kidogo lakini maumivu usiombe, wagonjwa wananiambia "kama natoa vipande vya chupa", na yanaweza kuendelea saa nzima au zaidi baada ya kutoka chooni. Kwa hiyo damu bila maumivu inaelekea bawasiri, maumivu makali wakati wa choo yanaelekea mchaniko, usaha na uvimbe unaokuja na kuondoka unaelekea fistula.

Na kuna la tano ambalo sikulihesabu kwa makusudi maana halitakiwi kuchanganywa na hayo: saratani. Damu kwenye choo inaweza kuwa saratani ya utumbo mpana au ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, na ikaitwa bawasiri mwaka mzima, mtu anapaka dawa tu. Ukiwa umefika miaka 45 kwenda juu, au umepungua uzito bila sababu, au choo kimebadilika mwenendo, au damu imechanganyika na choo chenyewe, au kuna ndugu wa damu aliyewahi kuumwa hiyo saratani, basi kabla ya leza omba kolonoskopia, kile kipimo cha kamera. Kliniki inayokuandikia leza bila hata kukupima kwa kidole na kukuangalia na proktoskopu, kile kibomba kifupi cha kuangalia ndani ya njia, hebu toka uende kwingine, nasema hivi kwa moyo wangu wote.

Sasa tuje kwenye leza yenyewe. Leza ni mwanga, ila ni mwanga uliopangwa ukaenda kwa rangi moja na njia moja, mtu wa kwanza kuiwasha alikuwa Theodore Maiman Marekani mwaka 1960. Ile inayotumika sana kwa magonjwa haya siku hizi ina urefu wa wimbi wa nanomita 1470, jicho halioni kabisa, na sababu ya kuchaguliwa ni kwamba inanyonywa sana na maji, na nyama ya mwili sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo joto linaishia milimita chache tu kutoka kwenye ncha ya ule uzi mwembamba unaopitisha mwanga, halisambai hadi kwenye msuli unaobana choo. Kwa kuwa haionekani, mashine inatoa na mwanga mdogo wa rangi, kwetu ni mwekundu, wa kumwonyesha daktari ncha iko wapi. Thieta wote tunavaa miwani maalum. Taa kubwa ikipunguzwa kidogo unaona kijinukta chekundu kinang'aa ndani ya nyama kama tochi iliyofunikwa na kiganja, na ndivyo daktari anavyojua yuko kwenye kijimto na hajaenda ndani sana.

Kwa bawasiri anatoboa kitundu kidogo cha milimita chache kwenye ngozi ya pembeni, anapitisha ule uzi chini ya utando mpaka ndani ya kijimto, anapiga mwanga kwa vipindi vifupi vya sekunde chache, kijimto kinanywea mbele ya macho yako, mishipa inayokilisha inaziba. Anahamia kingine. Zoezi lote mara nyingi ni dakika 15 mpaka 30. Hakati nyama ya kutoa nje na mara nyingi hashoni. Hapo ndo tangazo lilipopata lile neno "bila kisu", lakini jua kwamba ni operesheni, ina ganzi, ina thieta, ina fomu ya kusaini.

Kitu ambacho matangazo hayasemi ni kwamba kijimto hakipotei siku hiyo. Kinavimba kwanza. Watu wanarudi siku ya nne wanalia "sista mbona kimekuwa kikubwa kuliko mwanzo", na ni kweli, nyama iliyopata joto inavimba, alafu ndani ya wiki sita hivi inasinyaa na kugeuka kovu linaloshikamana na ukuta wa ndani. Ukiambiwa hivi kabla unatulia. Usipoambiwa unadhani umetapeliwa.

Inamfaa nani? Daraja la pili na la tatu, hao ndo inawafaa zaidi. Daraja la kwanza halihitaji, hilo linatulia na chakula, maji na dawa, likigoma kuna njia rahisi ya kufunga kijimto kwa mpira mdogo pale pale kliniki bila ganzi, ipo tangu 1963 na inafanya kazi vizuri hata kwa daraja la pili na baadhi ya la tatu. Daraja la nne lenye nyama kubwa za nje, leza peke yake haitoshi, na hapo upasuaji wa kukata ambao madaktari Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's, London waliuandika mwaka 1937 bado ndo kipimo ambacho njia nyingine zote zinalinganishwa nacho. Kukata kunauma zaidi na kidonda kinachukua wiki kadhaa, ila bawasiri kurudi ni nadra. Leza inauma kidogo na unarudi kazini mapema, ila uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi, na wengine baada ya miaka michache wanahitaji kufanyiwa tena. Hiyo ndo biashara unayoifanya, punguzo la maumivu leo kwa hatari zaidi ya kurudi kesho. Kwa dereva wa bodaboda anayelisha familia kila siku inaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa, na kwa mwingine isiwe hivyo, ila kila mtu achague akiwa anajua.

Fistula ndo mahali ambapo naiheshimu sana leza na pia ndo mahali pa kuwa makini zaidi. Ugumu wa fistula ni kwamba kile kinjia cha usaha kinapita katikati ya msuli unaobana choo. Ukikipasua chote kinapona, njia hiyo ni ya zamani mno, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipasuliwa hivyo mwaka 1686 na daktari wake Charles-François Félix na akapona, na hata leo fistula fupi ya juujuu tiba yake bora ni kuipasua tu. Lakini ikiwa imepita kwenye msuli mwingi, ukiupasua mtu anabaki hawezi kujizuia, na hilo ni jambo zito kuliko fistula yenyewe. Leza inasaidia kwa sababu haigusi msuli: daktari anasafisha kinjia, anapitisha uzi unaotoa mwanga pande zote, anauvuta polepole kama milimita moja kwa sekunde, kinjia kinajifunga nyuma yake unavyorudi, alafu kile kitundu cha ndani kwa kawaida anakishona. Kupona ni takribani wagonjwa 6 mpaka 7 kati ya 10. Maana yake watu 3 au 4 itawabidi warudi tena, na ukiambiwa asilimia mia usiamini.

Kabla ya hapo jipu lazima liwe limeshatolewa usaha, na wengi wanawekewa kwanza uzi maalum, sio ule wa leza, ndani ya kinjia kwa wiki kadhaa ili kikauke na kinyooke. Watu wanauchukia huo uzi, wanaona kama daktari anawazungusha, lakini leza kwenye kinjia kilichojaa usaha ni kazi bure. Kipimo cha picha cha MRI kinasaidia sana kuonyesha matawi yaliyojificha. Na fistula inayojirudia au yenye matundu mengi lazima ipimwe kifua kikuu, huku kwetu TB ya sehemu hizo ipo, na hiyo inatibiwa kwa vidonge vya miezi, mwanga hauwezi kuua TB.

Mchaniko mara nyingi hauhitaji leza wala kisu. Unachanika, unauma, msuli wa ndani unakaza kwa maumivu, ukikaza damu haifiki vizuri kwenye kidonda, kidonda hakiponi, kesho choo kinachana tena. Ukivunja huo mduara umepona. Choo kilainike, beseni la maji ya uvuguvugu, na mafuta ya kulegeza msuli yenye diltiazemu au naitrogliserini kwa wiki 6 mpaka 8 (hayo ya pili yanaumiza kichwa, uambiwe mapema). Yakishindikana kuna operesheni ndogo ya kulegeza sehemu ya msuli, hiyo inaponya zaidi ya watu 9 kwenye kila 10. Wapo wanaotumia leza kufanya kazi hiyohiyo, lakini haijaonyesha kuizidi ya kawaida, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia zaidi.

Siku yenyewe ikoje. Unafunga kula tangu usiku, asubuhi unawekewa dawa ya nyuma ya kusafisha choo cha chini. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, una kisukari, presha, au una mimba, useme mapema wakati wa kuandikishwa, usisubiri hadi uko mlangoni mwa thieta. Wengi wanapewa ganzi ya mgongo, miguu inakuwa mizito kama si yako kwa saa kadhaa, wengine nusu kaputi. Unalala chali miguu imeinuliwa kwenye vishikio. Najua hapo ndo aibu inapowakaba watu, hasa wanaume, na wapo waliogeuza wakarudi nyumbani wakiwa wameshavaa gauni la thieta. Niseme tu ukweli, sisi humo ndani tunaona ugonjwa, na tunafunika kila sehemu isiyohusika kwa shuka la kijani.

Jioni hakikisha umekojoa kabla hujaruhusiwa. Ganzi ya mgongo inaweza kuzuia mkojo, ukienda nyumbani kibofu kimejaa utarudi usiku wa manane unalia kuwekewa mpira wa mkojo. Usiku wa kwanza maumivu yapo ila ni ya kubana na kuwaka, meza dawa kwa saa usisubiri yapande. Angalia na aina ya dawa, zile kali kama tramadoli zinafunga choo, na choo kigumu ndo kitu cha mwisho unachotaka wiki hiyo.

Alafu kinakuja choo cha kwanza, siku ya kwanza mpaka ya tatu hivi, na hofu yake ni kubwa kuliko operesheni. Kuna dada mmoja alikaa siku tano hali chakula ili asiende, matokeo yake kilipokuja kilikuwa kama jiwe. Kula! Uji, papai, mboga, maji mengi, na laktulozi, dawa ya kulainisha choo, kama ulivyoandikiwa. Kikija usikikamie, vuta pumzi kiache. Damu kidogo kwenye maji ni kawaida, hata siku kadhaa. Usijipanguse kwa karatasi, tawaza kwa maji, na sisi tuliolelewa na kopo la maji hapa tuna nafuu, alafu kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 mpaka 15. Mara mbili au tatu kwa siku. Usitie dettol wala chumvi nyingi, maji matupu yanatosha, kinachofanya kazi ni lile joto linalolegeza msuli. Wa fistula mtavuja majimaji wiki kadhaa, vaeni pedi, wanaume pia, kitundu cha nje kinaachwa wazi kwa makusudi ili uchafu utoke.

Kazi ya ofisini wengi wa bawasiri wanarudi ndani ya wiki moja au mbili. Kubeba magunia na kuendesha pikipiki kusubiri zaidi, uliza daktari aliyekufanyia.

Kuhusu chakula kuna historia ya hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda miaka mingi hadi katikati ya miaka ya 1960, sehemu kubwa pale hospitali ya Mulago, Kampala, na alishangaa kuona magonjwa ya utumbo aliyozoea kwao, bawasiri ikiwemo, hayaonekani sana kwa watu wa vijijini waliokuwa wanakula vyakula visivyokobolewa na kutoa choo kingi na laini. Aliporudi Uingereza alizunguka akihubiri nyuzinyuzi za chakula. Inawezekana wengine walikuwa nao wakaona aibu kuja hospitali, hilo mimi naliona kila siku, lakini kwenye msingi alikuwa sahihi. Sasa sisi tumehamia sembe nyeupe na chipsi mayai, wakati dona, maharage, matembele na parachichi viko sokoni. Leza inasinyaza kijimto cha leo, haikuzuii kutengeneza kingine kwa choo kigumu kilekile.

Kabla hujalipa uliza haya, tena uliza bila woga: ninaumwa nini hasa na ni daraja la ngapi, kuna njia gani nyingine na kwa nini sio hiyo, daktari ameshafanya ngapi, ikirudi nafanyaje na nalipa tena au vipi, na bima yangu inalipia nini kwa maandishi. Ule uzi wa leza ni gharama na hiyo ni sehemu ya sababu bei iko juu. Na tafadhali sana, zile dawa za kupaka za kuchoma kinyama kikatike chenyewe msiguse. Nimeshika mkono wa mama aliyepaka hiyo kitu, njia ilipona ikiwa imebana mpaka kidole kidogo hakipiti, na kumrudishia njia yake kulichukua operesheni mbili.

Ukishafanyiwa na uko nyumbani, vitu vya kukukimbiza hospitali usiku huohuo ni damu inayotoka kwa mabonge au inayolowesha pedi mfululizo, homa na kutetemeka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na mkojo kukataa kabisa. Homa, maumivu yanayozidi na mkojo kukataa vikija pamoja ndo hatari zaidi, usisubiri asubuhi, na usimpigie jirani mwenye duka la dawa, nenda pale ulipofanyiwa au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu, waambie ulifanyiwa nini na tarehe gani.